Pensheni ya Asmara, kwa macho ya fundi wa mashine za kahawa

Asmara, mji mkuu wa Eritrea, ukiambiwa "pensheni" usidhani ni pesa za wastaafu. Ni nyumba ndogo ya wageni, vyumba vinane au kumi juu ya baa, neno walilobaki nalo tangu enzi za Waitaliano pamoja na makiato (espreso yenye maziwa kidogo) na mapenzi ya baiskeli. Hii ninayoieleza iko mtaa wa pili nyuma ya Barabara ya Harnet, si mbali na kanisa kuu la Kikatoliki. Jina lake nitalihifadhi, kwa sababu ni nyumba ya mama mmoja mzee na nina malalamiko kadhaa. Na niungame mapema: mama mwenyewe ni dada wa mteja wangu wa Addis Ababa. Anayeogopa maoni ya mtu aliyekula bure asiwe na wasiwasi. Nililipa nakfa 375 (pesa ya Eritrea) kwa usiku, safari zote mbili, na sikupunguziwa hata moja.

Nimelala hapo siku tisa Novemba 2018, na siku tano Februari 2020. Kazi yangu ni kutengeneza mashine za kahawa. Wengine wakiingia hotelini hukimbilia kukagua shuka, mimi huangalia kaunta.

Lakini shuka nazo tuzimalize. Ni safi, zimepigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukukata kidole. Vyumba vina dari la juu, sakafu ya vigae vya rangi mbili, na madirisha ya mbao yanayofungwa kwa nje. Mji uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa pwani kama mimi hulala na soksi. Blanketi ni mbili. Niliomba ya tatu nikaletewa, na swali juu yake: kwani naumwa? Chukua chumba namba 4, kinachotazama uani. Namba 6 kiko juu ya baa, na kitanda chake kimebonyea katikati kama mtumbwi.

Maji ndiyo doa kubwa. Bomba hutoa kwa zamu, na lori la maji likichelewa nyumba nzima inaoga kwa ndoo na kata. Siku yangu ya nne yalikatika nikiwa na povu kichwani. Nikabisha mlango kwa ndani kama mfungwa, msichana wa kazi akaniletea jagi moja, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Intaneti hakuna hapo ndani. Simu yako ya mkononi inakuwa kamera na saa. Kadi ya benki iache nyumbani. Dola zako unaziandika kwenye fomu uwanja wa ndege, unabadilisha mahali rasmi kwa nakfa 15 kwa dola, na risiti unaitunza kama pasipoti.

Kifungua kinywa ni ful, maharage ya kupondwa, kwenye bakuli la bati, mafuta yakielea juu, kitunguu kibichi, pilipili, na mkate wa moto wa duara. Sina la kusema. Nilikula kila siku, na siku moja nilikula mara mbili.

Sasa kaunta. Juu yake kuna vitu viwili, mashine ya kahawa na simu ya mezani, na pensheni yote nimeielewa kupitia hivyo viwili.

Mashine ni ya Kiitaliano, ya wenzo. Unavuta mkono chini, springi inajikunja, ukiachia springi ndiyo inayosukuma maji kupita kwenye kahawa. Haina pampu wala ubongo wa umeme. Umeme ukikatika na boila bado ina presha, unapata vikombe vingine vitatu vinne kabla haijapoa, na nadhani ndiyo sababu mashine za aina hii hazikufa Asmara. Kwenye mji ule sufuria ya maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 93, kwa hiyo boila iliyofungwa ni jambo la maana. Nilipoiona nilivua kofia.

Halafu nikaonja. Makiato ilinuka gereji.

Adei (ndivyo wageni wote wanavyomwita mama mwenye nyumba, maana yake "mama yangu") alikuwa akinitazama. Nikamwomba ruhusa, nikafungua kichwa cha mashine. Ule mpira unaoziba kati ya kichwa na hendo (kile kishikio kinachobeba kahawa), ambao ungepaswa kubadilishwa kila mwaka, ulikuwa umekatwa kwa kisu kutoka kwenye tairi. Kazi ya Medebar, soko la mafundi wa vyuma chakavu la Asmara. Nilikwenda Medebar kesho yake na nilibaki saa tatu, kwa sababu fundi yeyote akifika pale anajiona mwanafunzi: mapipa yanageuka majiko, mabati yanageuka masanduku, hakuna chuma kinachotupwa. Mviringo wa ule mpira ulikuwa sahihi kabisa. Lakini tairi halikuumbwa kwa maji ya moto na kinywa cha binadamu, tena lilikuwa limeanza kuvuja, mvuke ukitoka pembeni kwa mluzi.

Nikamuuliza adei kwa Kiamhara changu cha karakana kwa nini hakuagiza mpira halisi. Akanyanyua mabega. "Vikwazo," akasema. "Tangu 2009."

Alimaanisha vikwazo vya Umoja wa Mataifa, na neno hilo nililisikia kwa kila mtu. Simenti hakuna, vikwazo. Spea ya gari hakuna, vikwazo. Taa imekatika, vikwazo, na mtu anacheka kidogo.

Simu nayo ni nyeusi, nzito, ya tarakimu za kubonyeza, na pembeni yake kuna daftari la mistari ambamo kila simu ya nje huandikwa: tarehe, namba, dakika, malipo. Nilisubiri kahawa mara nyingi mbele ya daftari hilo, nikalisoma kama gazeti. Kurasa za kabla ya Julai 2018 ni +39, +49, +966, yaani Italia, Ujerumani, Saudia. Halafu unafunua ukurasa mmoja na inaanza +251, +251, +251 mpaka chini. Hiyo ni Ethiopia. Kwa miaka 20 ulikuwa huwezi kupiga namba hiyo kutoka Asmara.

Adei aliishi Addis mpaka 1998, akiuza vitambaa Merkato, soko kuu la mji ule. Vita vya kugombea Badme, mji wa mpakani, vilipoanza Mei mwaka ule, Ethiopia iliwafukuza watu wapatao 75,000 wenye asili ya Eritrea, naye akiwamo. Kaka yake, mteja wangu, alibaki kwa sababu karatasi zake zilisema jambo jingine. Vita vilikwisha 2000 baada ya kuua makumi ya maelfu, mkataba ukasainiwa Algiers Desemba ya mwaka huohuo, tume ya mpaka ikatoa uamuzi 2002 kwamba Badme ni ya Eritrea, Ethiopia haikuondoka, na hapo mambo yakagandia miaka 16. Hakuna simu, hakuna barabara, hakuna ndege. Ndugu hawa wawili walikuwa wakizungumza kupitia binamu wa Roma. Binamu anampigia huyu kwa simu moja na yule kwa nyingine, kisha anazigeuza na kuzilaza pamoja juu ya meza, sikio kwa mdomo. Mteja wangu aliniambia sauti ilifika kama ya mtu aliye kisimani.

Kisha Abiy Ahmed, waziri mkuu wa Ethiopia, akatua Asmara tarehe 8 Julai 2018, kesho yake yeye na Rais Isaias Afwerki wa Eritrea wakatia saini tamko la amani, na laini za simu zikafunguka. Watu walikuwa wakibonyeza namba zozote za upande wa pili ili tu wamsalimie mtu wasiyemjua. Kwenye daftari la adei, simu yake ya kwanza kwa kaka yake ina dakika 41. Aliiandika mwenyewe kwa kalamu ya wino na akajitoza, kwa sababu biashara ni biashara. Nilipomuuliza walizungumza nini, akasema dakika kumi za mwanzo ni za kulia na hizo hakupaswa kuzilipia.

Ubalozi wa Eritrea ulifunguliwa upya Addis tarehe 16 Julai, ndege ya kwanza ya Ethiopian Airlines ikaruka kwenda Asmara tarehe 18, waridi na shampeni zikigawiwa njiani, na ubalozi wa Ethiopia ukafunguliwa Asmara Septemba. Bendera nimeziona kwenye televisheni kama nyinyi. Mimi nilifika miezi minne baada ya ndege ile ya kwanza, mteja wangu akiwa kiti cha dirishani, safari ya saa moja na kidogo, akiwa amebeba kilo tano za kahawa mbichi ya Sidama na hataki kuiweka juu wala chini. Aliishika mapajani kama mtoto.

Jumatatu, Novemba 12, nikapima kichwa cha mashine kwa kalipa. Nikapiga Addis kwa simu nyeusi, dakika sita, nikamtajia vipimo kijana wa duka la mteja wangu. Akasema mpira upo. Akauweka kwenye bahasha ya khaki, akamkabidhi dereva wa basi la Mekelle, mji mkuu wa Tigray, kaskazini mwa Ethiopia. Wa Mekelle akampa mwenye daladala ya kwenda Zalambessa. Pale mpakani ikaingia gari la Kieritrea, ikapanda Senafe, Adi Keyih, Dekemhare. Mpaka ule ulifunguliwa Septemba 11, siku ya mwaka mpya wa Ethiopia, na wiki zile ulikuwa wazi kama mlango wa msikiti. Bahasha yetu haikuulizwa karatasi wala ushuru.

Jumatano jioni, baa ikiwa imejaa, habari ikaja kutoka New York: Baraza la Usalama limepitisha azimio 2444 bila kura ya kupinga, vikwazo vya 2009 vimeondolewa. Watu walisimama. Mzee mmoja mwenye koti na tai, anayekunywa kikombe kimoja kuanzia saa kumi mpaka saa moja, alimbusu adei mkono. "Sasa vitu vitakuja," alisema, na wengine wakarudia.

Nilifurahi nao, lakini mimi ni mtu wa kufungua kitu nione ndani. Vikwazo vile viliwekwa Desemba 2009 kwa tuhuma za kuwasaidia wapiganaji wa Somalia na kwa ugomvi wa mpaka na Djibouti. Vilizuia silaha, na viliruhusu kuzuia safari na mali za wakubwa watakaotajwa. Havikuzuia simenti wala mpira wa mashine ya kahawa. Kilichomzuia adei ni mpaka uliofungwa, fedha za kigeni zisizopatikana, vibali vya kuagiza bidhaa, na benki ambayo tangu noti zilipobadilishwa mwishoni mwa 2015 haikumruhusu mtu kutoa zaidi ya nakfa 5,000 za akaunti yake kwa mwezi. Hayo New York haikuyafunga, kwa hiyo isingeweza kuyafungua.

Bahasha ilifika Alhamisi usiku. Yaani iliondoka Addis kabla ya kura kupigwa.

Nikauweka mpira, nikapaka mafuta ya chakula kidogo, nikafunga. Adei akavuta wenzo mwenyewe. Ule mluzi haukusikika tena. Kahawa ikatoka polepole kama mkia wa panya, krema ya rangi ya njugu juu yake. Wote walionja, mzee wa tai akaonja vitatu. Hakuna aliyepewa bure.

Huduma ya siku zile ilikuwa, kusema kweli, mbaya kuliko ya baadaye. Pensheni ilijaa wafanyabiashara wa Mekelle, wanaume watatu kwa chumba cha wawili, magunia ya tefu (nafaka yao ya injera) kwenye ngazi, malori yenye namba za Tigray yakiunguruma saa kumi alfajiri. Mimi nilihamishwa kutoka namba 4 kwenda kwenye ule mtumbwi wa namba 6. Ful iliisha saa mbili asubuhi. Msichana wa kazi alikuwa akikimbia na shuka mikononi hana muda wa kunicheka. Bei ya tefu na vitunguu sokoni ilikuwa imeshuka, kila mtu akiizungumzia, na uani kulikuwa na mifuko ya simenti iliyopangwa chini ya turubai: adei alikuwa anajenga vyumba viwili vya nyongeza. Kila jioni adei aliandaa bun, kahawa ya kwao ya kukaa pamoja: awel, kalei, bereka, ndiyo majina ya vikombe vyake vitatu, bila kuruka hata kimoja, ubani ukifuka, na wageni wa pande zote mbili wakiwa wamekalia mifuko hiyohiyo ya simenti kwa sababu viti havikutosha.

Nimelala hoteli za bei mara nne ya pale na sijawahi kupenda msongamano namna hiyo.

Februari 2020 nilirudi. Nikapewa namba 4 bila kuuliza. Kulikuwa na mgeni mwingine mmoja tu, na maji yalikuwepo siku zote tano, maana hakukuwa na wa kuyagombania. Shuka zilezile, pasi ileile, bei ileile. Ukitafuta utulivu, hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yako.

Mipaka ilikuwa imefungwa. Vivuko vya Zalambessa na Rama vilianza kufungwa mwisho wa Desemba 2018, wiki sita tu baada ya kura ya New York, na kufikia Aprili 2019 vivuko vyote vilikuwa vimefungwa, bila tangazo la maana. Abiy alishapokea Nobeli ya Amani ya 2019. Balozi zilikuwa wazi, na ndege iliyonileta ilikuwepo. Kwenye karatasi uhusiano ulikuwa mzima. Uani, vyumba viwili vya adei vilikuwa vimefika usawa wa madirisha vikasimama hapo, na kuku walikuwa wakitaga ndani ya kimoja. Mfuko mmoja wa simenti ulibaki, umeganda, umekuwa jiwe lenye umbo la mfuko. Anautumia kuzuia mlango.

Daftari la simu lilikuwa lilelile. Kutoka 2018 mpaka siku ile lilikuwa halijaisha.

Mpira wa mashine ulikuwa umekakamaa, kama nilivyotarajia. Nilikuwa nimebeba minne. Nikaweka mmoja, mitatu nikaifunga kwenye kitambaa chenye mafuta nikamwonyesha droo, nikamwambia mmoja kwa mwaka. Akahesabu kwa vidole. "Mpaka 2023," akasema, kwa sauti ya mtu anayepewa tarehe ya daktari.

Mwezi uliofuata korona ikafunga viwanja. Novemba vita vya Tigray vikaanza, barabara ile ya bahasha ikawa njia ya vifaru. Novemba 2021 Marekani ikaweka vikwazo vyake yenyewe kwa jeshi la Eritrea, chama tawala na kampuni zake. Mkataba wa Pretoria wa Novemba 2022 ulisainiwa na serikali ya Ethiopia na TPLF, chama cha Tigray kilichokuwa kikipigana nayo. Eritrea haikuwa mezani. Na Septemba 2024 Ethiopian Airlines ikasimamisha safari za Asmara. Miaka sita na kama mwezi na nusu tangu yale maua ya waridi.

Watu wananiuliza kama niipendekeze pensheni hii. Ndiyo. Nyota tatu na nusu kati ya tano: moja na nusu nimekata kwa maji na kile kitanda cha namba 6, na kama si ful ningekata zaidi. Usafi hauna mpinzani. Mtaa ni salama usiku wa manane, unatembea na pochi mkononi. Jengo la Fiat Tagliero, lile la 1938 lenye mabawa ya zege yasiyo na nguzo, unaweza kulifikia kwa miguu, na njiani kuna baa ambazo mashine zake zilinifanya nitake kuhamia.

Ukienda, beba mpira. Kipimo nitakupa ukiniandikia. Upo wa kutosha kwenye droo yangu, na mitatu ya adei imekwisha muda wake. Beba dola taslimu, noti safi, na sweta. Chumba hakiwekwi kwa barua pepe, unapiga simu ile nyeusi. Iache ilie, itakata, piga tena. Atapokea mwenyewe, na kabla hajakuuliza tarehe wala idadi ya usiku, atakuuliza unakuja kwa njia gani.